Deni Limeisha, Sasa Tuingie Uvunguni

Hotuba ya fundi makochi kwa wanakikundi wenzake wa kuweka na kukopa, siku ya kuvunja mzunguko, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina na sanduku lako la kufuli tatu, Mjumbe wetu wa shina, wanakikundi wenzangu, mama zangu, kaka na dada zangu: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa. Kama kuna niliyemruka anisamehe, maana pilau inayonukia hapo nyuma inanitaka niwe mfupi, na Mwenyekiti anataka niwe mrefu.

Nimeombwa nizungumzie nyumba. Si nyumba ya kujenga, hiyo tuwaachie wenye viwanja. Nasema nyumba tunazolala sisi: chumba na sebule, vyumba viwili vya kupanga, au ile uliyoachiwa na wazazi ambayo kila mvua ikinyesha unajua ndoo ikae wapi. Na nimeombwa niseme na watu waliomaliza kulipa. Wengi waliokaa hapa mwaka huu wamefuta deni lao la mwisho. Kwa wengine lilikuwa deni la kikundi, likaisha kwa amani. Kwa wengine lilikuwa la wale wakopeshaji wa kausha damu, rejesho la kila siku, ambao wakibisha hodi watoto wanafundishwa kusema mama katoka. Hao sina cha kuwaeleza kuhusu nyumba yenye deni inavyokuwa.

Kazi yangu ni makochi. Nafumua kitambaa, natoa sponji iliyokufa, nakaza fremu, navalisha upya. Mgeni akija kwako analikalia kochi, mimi nalipindua. Huko chini nimekuta sarafu, pini za mtandio, barua za shule ambazo mzazi hakuwahi kuzisoma, na karatasi za marejesho zilizokunjwa mara nne ili mume asizione, au mke asizione. Kwa hiyo nikisema nazijua nyumba zetu, nazijua kwa chini.

Leo kila mtu anaondoka na mgao wake wa akiba ya kikundi. Kwa macho yangu wiki hii ndiyo ya hatari kuliko zote za mwaka. Mtu aliyemaliza deni anataka nyumba yake ifanane na ya mtu aliyemaliza deni. Anapita Keko, anaona seti imevalishwa vizuri, muuzaji anamwambia toa kianzio tu, nyingine utamalizia mwisho wa mwezi. Kochi linapakiwa kwenye kirikuu, linafika nyumbani, halina pa kukaa, kwa sababu kochi la zamani lipo, kabati bovu lipo, na nyuma ya mlango kuna kitanda cha mtoto ambaye sasa yuko kidato cha tatu. Ndani ya wiki moja kuna deni jipya na msongamano mpya. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi matanga yanaanza kabla keki haijakatwa.

Ombi langu ni kwamba tuanze na kutoa. Kununua kuje mwisho, na mkishatoa mtaona kwamba vingi mlivyotaka kununua mlikuwa navyo.

Kuna sababu moja inayofanya vitu vibovu visitoke ndani, na watu hawaisemi. Mnazikumbuka fomu za mkopo? Pale kwenye dhamana tuliandika: televisheni moja, friji moja, seti ya makochi, kabati, godoro la inchi kadhaa. Friji likafa mwaka wa kwanza, lakini kwenye fomu likaendelea kugandisha. Mtu akaogopa kulitoa, asije akaonekana amehamisha dhamana. Sasa deni limeisha. Nenda ukadai karatasi yako ya kumaliza deni, yenye mhuri na tarehe, na kama kuna kitu chako walikishika, iwe kadi ya benki, kadi ya pikipiki au hati ya kiwanja, kirudi siku hiyo hiyo. Karatasi hiyo iweke mahali pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Ukiisha kuwa nayo, friji lile limebaki bati lililokaa njiani.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, na sitaki kuicheka. Mtu aliyewahi kukosa hatupi. Kopo la siagi linakuwa kopo la chumvi, dumu la mafuta linakuwa la maji, shati linaishia kuwa dekio. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, hakuna nyumba isiyokuwa na mfuko mmoja uliojaa mifuko mbadala. Kuna ushauri unazunguka, umetoka kwa watu ambao duka liko kila kona na mshahara hauchelewi: shika kitu mkononi, kama hakikupi furaha, tupa. Sufuria yangu ya ugali imebonyea upande na hainipi furaha yoyote, ila ndiyo inayopika ugali. Kwa mtu wa namna yetu kutupa ovyo ni kujiandalia kununua tena, na kununua tena bila pesa ndiko kulikotupeleka kwa kausha damu.

Lakini na sisi tuna uongo wetu. Tunasema akiba haiozi. Mimi ninayefumua makochi nawaambia inaoza. Sponji ikikaa miaka kwenye joto la stoo inageuka unga, ukiishika inakudondokea mkononi. Mpira wa mlango wa friji unakakamaa ukapasuka. Nondo anakula sufu, mchwa anakula madaftari, kutu inakula pasi. Chaja ya simu uliyoiuza zamani haimngojei mtu yeyote. Kitu kinachooza hakiitwi akiba, hata kama kilinunuliwa kwa jasho.

Kwa hiyo tunapimaje? Mimi huwauliza wateja wangu swali la hesabu, nikiacha mapenzi pembeni: ukikihitaji kitu hiki mwakani, utakipata wapi, na kwa shilingi ngapi? Kama jirani anacho na mnaazimana, au kama kinapatikana Tandika kwa bei ya nauli mbili, kitoke. Kama ni ghali na kizima, kama cherehani, mashine ya kukamulia au baiskeli inayohitaji tairi tu, kibaki hata kama hukigusi mara kwa mara, ila kitengenezwe. Kibovu kisichotengenezwa kwa mwaka mzima hakitatengenezwa. Mafundi tunajua. Mteja anayesema "nitakuletea" huwa haleti.

Na hesabu haijaisha, kuna kodi ya pango. Tuchukulie chumba cha futi 10 kwa 10, kodi Sh60,000 kwa mwezi. Chumba hicho kina futi za mraba 100, kwa hiyo kila futi unailipia Sh600. Friji bovu, maboksi mawili na kiti cha miguu mitatu vikichukua futi 15, umevilipia Sh9,000 mwezi huu. Kwa mwaka ni Sh108,000. Vitu hivyo vyote ukivipeleka sokoni leo, nani atakupa laki moja na elfu nane? Lakini wewe unampa mwenye nyumba kila mwaka ili vilale kwa raha.

Twende uani kidogo. Uani ndiko tunakorundika tunavyoona aibu kuviacha ndani: tairi, sinki lililopasuka, ndoo zisizo na mkono, madumu yaliyokatwa. Mvua ikinyesha vyote vinashika maji. Mbu wa kidingapopo, yaani dengue, hahitaji bwawa. Anataga kwenye maji safi yaliyotuama, hata ya kifuniko cha ndoo, na anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mwaka 2014 homa hiyo iliusumbua mji huu, na mwaka 2019 ikarudi. Ukipanga vitu vya kuondoa, vianze vinavyoshika maji. Hivyo usivifanyie hesabu yoyote.

Ndani, mahali panaponishangaza kila siku ni kabati la vyombo. Mama zangu, naomba ruhusa. Sebuleni kuna kabati la vioo, ndani yake kuna sahani za maua, glasi za miguu, hotipoti tatu zilizokaa kama watoto wa darasa moja, zote za kicheni pati. Jikoni watoto wanakula kwenye sahani za plastiki zilizochanika, kikombe kimekatika mkono. Tunamngoja mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Ila mgeni mwenyewe anakuja Idi na Krismasi, na akija anakaa saa mbili. Toeni vile vya kabatini vianze kazi, vya plastiki vilivyochanika viondoke. Siku hiyo hiyo nyumba imependeza, na hamjatoa hata shilingi. Sahani ikivunjika, imevunjika ikiwa inalisha mwanao. Na pengine kabati lenyewe halihitajiki tena, likauzwa, ukuta ukapumua. Wenye nyumba za zamani za mawe kule Lamu na Unguja waliweka vyombo vyao kwenye vidaka vya ukutani na sakafu ikabaki wazi. Kipande cha mbao chenye mabano mawili kinafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya fundi wa mtaani.

Halafu sare. Kila sherehe ina sare yake: kitenge cha harusi ya binamu, batiki ya send-ofu, khanga za arobaini. Sizungumzii michango, hiyo tutagombana na leo si siku yake. Nasema vitambaa vilivyokwisha kushonwa, vikavaliwa mara moja, sasa vimejaza masanduku mawili. Kitenge ni kitambaa kizuri sana kwa foronya za mito ya kochi. Gauni moja pana linatoa foronya mbili au tatu. Batiki nzito inatoa kitambaa cha meza. Mkinipa mimi kochi chakavu na sare zenu tatu, sebule yako jirani ataiuliza bei.

Kuna vitu siwezi kuviwekea hesabu, na sitajaribu. Vitu vya marehemu. Koti la baba, redio yake ya betri sita, kofia. Hivyo familia ikae, kila mtoto achukue kimoja, vingine vipewe watu wake. Mtu mmoja asiamke asubuhi peke yake akavitoa. Wala usitoe vitu vya mwenzako wakati hayupo. Nimeona ndoa ikitikisika kwa boksi la vyuma vya redio ambalo mama alimpa kijana wa toroli, kumbe baba alikuwa anatafuta kifaa kimoja tu afungue kibanda cha ufundi. Kama alikuwa atakifungua kweli, hilo ni suala lao.

Vikitoka viende wapi? Vyuma chakavu vinanunuliwa kwa kilo, na bei ya chuma, aluminiamu na shaba hazilingani. Shaba ndiyo ya juu. Kwa hiyo friji bovu usilitoe lote kwa bei ya chuma. Mwite kwanza fundi friji, maana kompresa na mabomba mara nyingi yana shaba, naye anajua kuitoa gesi bila kukudhuru. Na mizani uiangalie kwa macho yako, kabla mzigo haujawekwa, isome sifuri. Chupa za plastiki wapeni wanaookota, mkiwa mmezitenga ni msaada mkubwa kwao. Nguo nzuri za watoto zipelekwe kwa mwenye mtoto mdogo, vitabu vya shule vivyo hivyo, kabla mtaala haujabadilika vikawa vya kufungia karanga.

Kijijini, tafadhali, tusipageuze jalala. Tuna tabia ya kusema hiki kitafaa nyumbani. Unalipia mzigo kwenye basi, pasi iliyokufa inasafiri mpaka Songea, bibi anaipokea kwa heshima na kuiweka chini ya kitanda, juu ya redio uliyomtumia mwaka juzi. Kama kitu ni kibovu hapa, na kule ni kibovu. Mtumie bibi hiyo nauli ya mzigo kwenye simu yake.

Na kabla kitu chochote cha kitambaa au mbao hakijaingia nyumba nyingine, tazameni kunguni. Nalisema hili kwa mkazo. Anakaa kwenye mishono, kwenye pembe za fremu, chini ya vile vibao vya chaga. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama vya kalamu vimefuatana kwenye mshono, hicho kitu si zawadi. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula akimngojea mtu, kwa hiyo kusema godoro lilikaa stoo muda mrefu si ushahidi.

Sasa nyumba imepungua. Mtashangaa: sebule ina mwangwi, dirisha lililozibwa na kabati limeonekana, hewa inapita. Hapo ndipo tunaongelea kuboresha, na kwa mfuko mdogo mimi naanza na vinavyovuja. Bomba linalodondosha, ukitega kikombe likajaza robo lita kwa saa, kwa siku ni lita 6, kwa mwezi ni lita 180. Hayo ni madumu tisa ya lita 20, na kuna mtu hapa anayanunua maji kwa dumu huku bomba la jirani yake linadondoka. Koki inabadilishwa raba tu. Bati likivuja, lizibwe kabla hujafikiria rangi, maana rangi juu ya ukuta wenye unyevu inavimba na kubanduka ndani ya masika moja, ukawa umechora pesa.

Umeme nao unavuja, ila hausikiki. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku, kwa mwezi imekula uniti 9. Ya LED ya wati 9 inayotoa mwanga karibu ule ule inakula uniti moja na kidogo. Hesabuni mna taa ngapi. Na wale mlio kwenye daraja la matumizi madogo, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti ni Sh100 kabla ya kodi na tozo. Ukivuka 75 zile za juu zinapanda kwa zaidi ya mara tatu. Friji chakavu lisilofunga mlango vizuri linaweza kukuvusha peke yake. Mtu analiona kama mali, kumbe ndilo linalonyonya LUKU usiku wote.

Rangi ipakwe chumba kimoja, kile mnachokaa zaidi. Kwanza osheni ukuta kwa maji ya sabuni, mara nyingi mtagundua rangi ipo, ilikuwa chini ya moshi na mikono ya watoto. Dari jeupe linaongeza mwanga kuliko taa ya pili. Nyavu za madirisha ziwekwe kwenye fremu ya mbao inayobanduliwa, ili ukihama uondoke nazo.

Maana wengi wetu ni wapangaji, na mpangaji asiboreshe kama mwenye nyumba. Bomba, bati na choo ni vya mwenye nyumba. Kama yeye hana na wewe huwezi kungoja, andikeni karatasi, hata ya daftari, kwamba gharama hii itakatwa kwenye kodi ijayo, wote mtie sahihi na Mjumbe ashuhudie. Maneno ya mlangoni husahaulika siku ya kodi. Nimeona mpangaji akaweka vigae kwa pesa yake, nyumba ikapendeza, kodi ikapanda kwa sababu nyumba imependeza.

Kochi nimeliweka nyuma kwa makusudi, msije mkasema fundi amekuja kutafuta wateja. Mteja akiniita, jambo la kwanza ni fremu. Shika pembe moja ya mbele ya kochi uinyanyue. Kama mguu wa mbele wa upande wa pili nao unanyanyuka mapema, fremu imeshikana. Kama umenyanyua mpaka magotini na ule mguu bado umelala sakafuni, fremu imelegea. Kisha gonga, sikiliza, angalia chini kama kuna unga wa wadudu. Kama fremu ni ya mninga au mkongo, usiliuze kochi hilo kwa bei ya kuni. Mbao hizo leo bei yake haishikiki, na wewe ulishazilipia zamani. Nyingi za makochi mapya ya bei rahisi ndani yake ni paini, mbao nyeupe za mashambani kama Sao Hill kule Mufindi, na plaiwudi. Paini si mbao mbaya, nimeitumia na nitaitumia, ila inataka iunganishwe vizuri, na kwa bei ile ya haraka inapigwa misumari tu. Nje kimevalishwa kitambaa kinachometa. Mnunuzi anasifu kitambaa.

Kwa hiyo fremu ikiwa nzima, usibadilishe kila kitu. Mgongo wa kochi hauchoki, kinachochoka ni pale pa kukalia. Badili sponji za kukalia peke yake, chukua ngumu, mgongo uache. Hapo umeokoa karibu nusu ya sponji. Kama kitambaa kimechakaa mbele tu, fundi mwaminifu anaweza kuchukua kipande cha nyuma, kinachotazama ukuta, akakileta mbele, na nyuma akaweka chochote. Hakuna atakayejua isipokuwa mtu anayepindua makochi ya watu. Na mito igeuzwe kila mwezi, kila mtu asiwe na kona yake ya kudumu kama kiti cha bungeni.

Pesa sasa. Wakati wa deni kila mmoja wetu alikuwa na uwezo ambao hakuujua: alipata rejesho. Mvua, msiba, ada ya shule, rejesho lilipatikana. Deni likiisha, ile pesa inayeyuka ndani ya miezi miwili na hakuna anayejua imekwenda wapi. Mimi naomba irudi hapa hapa kikundini kama hisa, kiasi kile kile, siku ile ile ya wiki, angalau nusu yake. Hiyo ndiyo itakayonunua koki, balbu, ndoo ya rangi na sponji, kimoja kimoja, kwa pesa taslimu. Kochi litachukua mwaka. Lichukue.

Na kama dharura itakurudisha kwenye mkopo, angalau ujue sheria iko upande gani. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Vikundi kama chetu vimo ndani yake, na wakopeshaji binafsi nao wamo, wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu na riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Yule wa rejesho la kila siku, mwambie akuonyeshe leseni, umtazame usoni. Na hizi programu za mikopo za kwenye simu zisizo na kibali, Benki Kuu ilitoa orodha yake Novemba 2024, programu 69 kwa mpigo. Mkopo unaoombwa ukiwa umelala kitandani, saa sita ya usiku, ili ununue zulia, hauna dharura ndani yake.

Sasa tangazo, na ndilo nililoruhusiwa kumalizia. Jumamosi ijayo, hapa hapa, tutafanya mnada wa wanakikundi. Mwenyekiti amekubali, Mjumbe amearifiwa. Kila mmoja alete alivyotoa ndani ambavyo ni vizima: vyombo, nguo, viti, vitabu, redio inayosema. Bei iandikwe kwenye karatasi na ibandikwe, tusianze kuulizana. Malipo ni taslimu au kwa simu, palepale. Mama Mweka Hazina amesema hakuna atakayeandikiwa daftarini, hata awe mwenyekiti. Kisichouzwa mpaka saa kumi kinarudi na mwenyewe au kinakwenda kwa mtu wa vyuma, hakilali hapa uwanjani. Na mlangoni nitasimama mimi. Kila kochi, kiti cha kitambaa na godoro nitalipindua kabla halijaingia, na nikikuta kunguni sitaangalia sura ya mtu. Pilau iletwe.